Mfanyakazi kiziwi kwenye kikao: mkalimani wa ana kwa ana, mkalimani wa video, maandishi, au mwenzake wa kazini?

Ofisi nyingi zikimwajiri kiziwi huamua suala la mawasiliano mara moja tu, siku ya kwanza: yupo mwenzetu anayejua alama kidogo, atasaidia. Kuanzia hapo mpango huo mmoja unabebeshwa kila kitu, kuanzia salamu za asubuhi, mafunzo ya mashine na tathmini ya mwaka, hadi kikao cha nidhamu ambacho mtu anaweza kutoka humo hana kazi. Hapo ndipo haki inapopotea, tena inapotea kimyakimya. Aliyekosa nusu ya maneno hajui amekosa nini, na waliosikia yote wanadhani naye ameyapata.

Njia zinazotumika sehemu za kazi ni nne hasa: mkalimani wa lugha ya alama aliyepo chumbani, mkalimani anayeunganishwa kwa video, maandishi yanayotokea kwenye skrini watu wakiongea, na mwenzake wa kazini anayejua alama. Hakuna iliyo bora kwa kila kikao. Kipimo cha kuchagulia ni hiki: jiulize mfanyakazi huyu atapoteza nini endapo nusu ya yatakayosemwa hayatamfikia. Kama atapoteza kitu anachoweza kuuliza tena kesho, njia nyepesi inatosha. Kama ni kidole, mshahara au ajira, lipia mkalimani.

Muulize mwenyewe kabla ya kuchagua

Viziwi si kundi moja. Aliyezaliwa kiziwi na kusoma shule ya viziwi, lugha yake ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili amekijua kupitia karatasi kama lugha ya pili. Aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 35 baada ya kuugua anasoma Kiswahili vizuri kabisa, na huenda hajui alama hata moja. Kumletea mkalimani ni kupoteza fedha na kumwaibisha. Mwenye usikivu hafifu anayevaa shime sikio, yaani kifaa cha kukuza sauti sikioni, anaweza kukusikia vizuri mkiwa wawili ofisini, lakini asiambulie kitu ukumbini ambako feni zinavuma na watu wanapokezana maneno.

Maswali manne yanatosha: Unatumia lugha gani ya alama? Ulisoma shule gani? Kusoma Kiswahili au Kiingereza kunakuwia rahisi kiasi gani? Kwa kikao cha kila siku unataka njia gani, na kwa kikao kizito njia gani? Majibu yawekwe kwenye faili lake na yapitiwe upya kila mwaka, maana usikivu hubadilika na mahitaji pia.

Swali la shule huwashangaza maofisa utumishi, lakini lina uzito. Lugha ya Alama ya Tanzania imekulia mashuleni. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na kila shule ilijijengea alama zake. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimefanya kazi kubwa ya kuzikusanya na kuzisanifu, lakini tofauti bado zipo. Aliyesoma Kenya atatumia Lugha ya Alama ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaja katika ibara ya 7 na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge katika ibara ya 120. Aliyetoka Burundi au Congo anaweza kuwa na alama zenye asili ya Marekani, zilizoletwa na shule za Andrew Foster, mmisionari Mmarekani mweusi ambaye naye alikuwa kiziwi na aliyeanzisha shule zaidi ya 30 barani Afrika. Kwa hiyo ukipiga simu na kuagiza "mkalimani wa alama" bila kusema wa alama zipi, agizo lako halijakamilika.

Kitu kimoja tukiondoe mezani mapema: kusoma midomo si njia ya tano. Sauti p, b na m zinafanana kabisa mdomoni. Jitazame kwenye kioo ukisema baba, mama na papa bila kutoa sauti, huoni tofauti. Vivyo hivyo mbili na pili, na hapo tayari umeshakosea saa au kifungu. Ongeza masharubu, barakoa, au msemaji aliyegeukia ubao, na kinachobaki ni kubahatisha. Kiziwi anayekuitikia kwa kichwa huku akitazama midomo yako mara nyingi anakustahi tu.

Kwa mtazamo mmoja

| | Mkalimani chumbani | Mkalimani kwa video | Maandishi kwenye skrini | Mwenzake wa kazini |
|---|---|---|---|---|
| Inamfaa nani | Mtumiaji wa alama | Mtumiaji wa alama, kikao kifupi | Aliyepoteza usikivu ukubwani, mwenye usikivu hafifu, msomaji mzuri | Yeyote, kwa mambo madogo ya siku |
| Kinachomfikia | Karibu yote, wakalimani wakitosha | Mengi, mtandao ukishika | Muhtasari, au yote yenye makosa | Alichochagua msaidizi |
| Kiziwi kujibu papo hapo | Ndiyo | Ndiyo, kwa kuchelewa kidogo | Kwa kuandika, au kwa sauti kama anaongea | Kwa shida |
| Taarifa ya mapema | Wiki 1 hadi 2 | Siku 1 hadi 3 | Saa chache | Hakuna |
| Siri | Nzuri | Nzuri, kama chumba ni cha faragha pande zote mbili | Hafifu kwa programu za mtandaoni | Hakuna |
| Kinachoiangusha | Mkalimani mmoja siku nzima | Umeme, data, maikrofoni mbovu | Kuchanganya lugha, kelele, majina na tarakimu | "Nitakueleza baadaye" |

Mkalimani chumbani

Hii ndiyo njia iliyo kamili kuliko zote kwa mtumiaji wa alama, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na maandalizi mabovu. Kosa kubwa ni idadi. Kikao kinachozidi saa moja kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Mkalimani husikiliza sentensi ya pili huku mikono ikimalizia ya kwanza, na kazi hiyo huchosha ubongo kabla ya mikono. Akishachoka huanza kuruka vipande bila yeye mwenyewe kugundua. Yule wa pili naye hajakaa kupumzika: anamnong'oneza mwenzake jina lililompita, anamwonyesha tarakimu, anatazama kama kiziwi amekunja uso kwa kutoelewa. Ukimlipa mmoja kwa mafunzo ya siku nzima, mfanyakazi wako anapata mafunzo asubuhi na muhtasari mchana.

Jambo la pili ni hati. Siku mbili au tatu kabla, wakalimani wapate ajenda, slaidi, majina ya watakaozungumza na orodha ya vifupisho. NSSF, PAYE na TIN hutahajiwa kwa vidole, herufi moja moja, isipokuwa kama kuna alama waliyokubaliana na kiziwi. Sehemu ya kazi yenye istilahi zake, kwa mfano karakana, maabara au benki, iwape wakalimani na mfanyakazi nusu saa kabla ya kikao kuelewana alama za maneno kumi au ishirini yatakayorudiwarudiwa. Bila hivyo mkalimani atatahajia "compressor" mara arobaini, na kila mara atakuwa nyuma ya msemaji.

Halafu chumba. Mkalimani akae au asimame karibu na msemaji, ili macho ya kiziwi yawaone wote wawili bila kugeuza shingo, umbali wa mita 2 hadi 3. Mwanga umpige usoni. Akikaa na dirisha mgongoni, uso wake unakuwa kivuli, na uso katika lugha ya alama ni sehemu ya sarufi: nyusi ndizo zinazotenganisha "umelipwa" na "umelipwa?" Nguo iwe ya rangi moja inayopishana na rangi ya mikono yake. Mwenye ngozi nyeusi avae rangi iliyopauka, na kitenge chenye maua makubwa kisubiri siku nyingine.

Msemaji amtazame kiziwi na kusema naye moja kwa moja. "Mwambie kwamba tumepokea malalamiko" humgeuza mwenye kikao kuwa mtu wa kusimuliwa. Aongee kwa mwendo wake wa kawaida, kwa sababu kuburuta maneno humvuruga mkalimani badala ya kumsaidia. Kinachotakiwa kubadilika ni ukimya. Macho ni jozi moja tu, hayawezi kusoma slaidi na kumtazama mkalimani kwa wakati mmoja. Onyesha slaidi, nyamaza sekunde 10, kisha eleza. Kwenye mashine fuata mpangilio huu: eleza kwanza mikono ikiwa imetulia, kisha onyesha bila kusema, kisha mwachie afanye mwenyewe mbele yako. Fundi anayeeleza huku anafungua nati amemlazimisha mwanafunzi kuchagua kati ya maelezo na vitendo, na atakachokikosa ni onyo la usalama lililosemwa katikati.

Tafsiri huwa nyuma ya msemaji kwa sekunde kadhaa. Mwenyekiti anayeuliza "Kuna swali? Hakuna? Tuendelee" amemfungia mlango kiziwi kabla swali halijamfikia. Ahesabu hadi tano kimoyomoyo. Watu wanyooshe mikono na kuongea mmoja mmoja. Kila baada ya dakika 45 hadi 60 kuwe na mapumziko, kwa sababu anayesikiliza kwa macho hana nafasi ya kuyapumzisha akiendelea kufuata.

Mkalimani pia hugeuza alama za kiziwi kuwa sauti, na hapo akisema "mimi" anamaanisha kiziwi, siyo yeye mwenyewe. Mwandishi wa kumbukumbu anayeandika "mkalimani alisema hakuwepo zamu ya usiku" amempokonya mfanyakazi ushahidi wake. Iandikwe kwa jina la mfanyakazi. Majina ya wakalimani yaandikwe mara moja, kwenye orodha ya mahudhurio.

Udhaifu wa njia hii ni upatikanaji. Wakalimani wenye uzoefu wengi wako miji mikubwa, na ofisi ya wilayani italazimika kulipa nauli na malazi. Wapate kupitia CHAVITA, au kwa Kenya kupitia Chama cha Kitaifa cha Viziwi. Kabla ya kikao wape dakika 10 za kuzungumza na mfanyakazi faraghani, kisha muulize mfanyakazi peke yake, kwa maandishi mafupi: mnaelewana? Akisema hapana, tafuta mwingine. Yeye ndiye mwenye kipimo.

Mkalimani kwa video

Kwa kikao cha dakika 15 hadi 40 chenye watu wachache, hii mara nyingi ndiyo chaguo sahihi. Huna nauli ya kulipa, na aliye Newala anaweza kumpata mkalimani wa Dar es Salaam siku hiyohiyo.

Piga hesabu ya data kabla. Video inayokwenda kwa kilobiti 600 kwa sekunde kila upande hula takriban MB 540 kwa saa, na picha kali zaidi hula mara mbili yake. Mtandao ukipungua, programu nyingi hulinda sauti na kuitoa kafara picha, jambo linalowafaa wanaosikia na kumtupa kiziwi nje ya kikao, kwa sababu mkono unaokatikakatika hausomeki. Zimeni kamera za wengine wote, zibaki mbili tu: ya mkalimani na ya kiziwi. Ruta iwe na chanzo cha pili cha umeme, hata betri ndogo, na simu yenye kifurushi iwekwe pembeni ikiwa tayari kutoa mtandao.

Kamera ishike kuanzia juu ya kichwa hadi kiunoni, na viwiko viwe ndani ya picha. Kioo cha simu ni kidogo mno kwa zaidi ya dakika chache. Tumia kompyuta au televisheni ya ofisini. Kwenye programu ya mkutano, mfanyakazi abandike picha ya mkalimani ibaki kubwa, kwa sababu programu humkuza anayetoa sauti. Kwa sababu hiyohiyo kiziwi anayeanza kuongea kwa alama haonekani na mtu. Mkubaliane ishara, kwa mfano anainua mkono wa kidijitali na mwenyekiti ana wajibu wa kuutazama.

Mkalimani wa mbali husikia kile tu ambacho maikrofoni inasikia. Laptop iliyowekwa mwisho wa meza ya watu kumi na wawili inampa maneno ya watu watatu. Karakana yenye kelele haifai kabisa kwa njia hii, wala mafunzo ya vitendo, kwa sababu mkalimani haoni unachokionyesha. Vikao vya nidhamu navyo tusingevipeleka huku ila pale ambapo hakuna njia nyingine na mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi.

Maandishi kwenye skrini

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni mtu anayechapa. Mazungumzo ya kawaida huenda maneno 120 hadi 150 kwa dakika, na mchapaji hodari wa ofisini hufikisha 50 au 60. Hivyo anayoyachapa ni muhtasari, na ni vyema akubali hivyo tangu mwanzo: aandike nani anasema, hoja yake, na tarakimu zote. Mchapaji anayejaribu kuandika kila neno huishia kuandika nusu ya kila sentensi. Skrini ikae karibu na msemaji, herufi ziwe kubwa, mistari mitatu au minne ionekane kwa pamoja.

Ya pili ni programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandikaji kwa sauti mwaka 2017, na tangu hapo programu zimezidi kuwa nzuri kwa mtu mmoja anayesema Kiswahili kilichonyooka karibu na maikrofoni. Vikao vyetu haviko hivyo. Mtu akisema "tu-submit report before Friday halafu tuone", programu iliyowekwa Kiswahili huchapa upuuzi. Majina ya watu na mahali huyavuruga, na kiasi cha fedha kinaweza kutoka kimebadilika bila dalili yoyote kwamba kuna kosa. Watu wawili wakiongea pamoja, maneno yao huungana kuwa sentensi moja isiyo ya mtu yeyote. Kwa hiyo kila tarakimu, tarehe na jina liandikwe pia ubaoni kwa mkono.

Angalia pia sauti inakwenda wapi. Nyingi ya programu hizi huituma kwenye seva za nje. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Mazungumzo kuhusu afya ya mfanyakazi au tuhuma dhidi yake hayafai kupita huko.

Kwa aliyepoteza usikivu ukubwani maandishi ni njia ya kwanza, na inampa heshima ya kufuata kikao katika lugha yake. Kwa mtumiaji wa alama ni njia ya akiba tu, na sababu yake ofisi nyingi haziijui. Lugha ya Alama ya Tanzania siyo Kiswahili cha mikononi. Ina mpangilio wake, na kitenzi chake hakibebi viambishi kama chetu. Kati ya "utalipwa" na "hutalipwa" kuna herufi moja tu, na "usipowasilisha" limebeba mtu, ukanushi na sharti ndani ya neno moja. Anayesoma Kiswahili kama lugha ya pili anaweza kuelewa kila shina na akakosa maana. Ukimwandikia, vunja: "Ripoti: leta Ijumaa, saa 9 alasiri (15:00). Ukichelewa, posho hakuna." Kutumia sentensi fupi hivi si kumdharau, barua hizo hizo zitawafaa na wengine wengi ofisini. Kamwe usimpime akili yake kwa Kiswahili chake cha kuandika.

Mwenzake wa kazini

Kwa "mzigo umefika", "leo tunafunga mapema", "mkuu anakuita", hii ni njia nzuri tena yenye upendo. Shida huanza inapovuka hapo. Mwenzake huyo ana kazi yake. Akiwa kwenye kikao, ama anatafsiri au anashiriki, hawezi yote mawili. Anapunguza bila kukusudia: dakika tano za mabishano zinageuka alama tatu na "nitakueleza baadaye", na hiyo baadaye haiji. Ana maslahi: anagombea cheo kilekile, au anaogopa kumtafsiria bosi lugha kali. Tena hana kiapo cha siri, na mfanyakazi anajua hilo, ndiyo maana hatalisema tatizo la unyanyasaji mbele yake. Ndugu wa familia ana matatizo hayohayo, na moja zaidi: mama aliyeitwa ofisini kumtafsiria mwanawe wa miaka 30 humjibia.

Fundisheni timu nzima badala ya kumtegemea mmoja. Dakika 30 mara mbili kwa wiki, mwalimu akiwa kiziwi anayelipwa, na mwanzoni msamiati wa kazi yenu: hatari, simama, moto, zamu, mshahara, likizo, naumwa, sijaelewa, rudia. Baada ya miezi michache hamtakuwa wakalimani, lakini mtu hatakula chakula cha mchana peke yake, na hilo mkalimani yeyote wa kulipwa hawezi kulileta.

Kikao kipi kipewe njia ipi

Mpangilio huu ni wa mtumiaji wa alama. Kikao cha asubuhi cha dakika 15: ajenda iandikwe ubaoni, wenzake watumie alama walizojifunza, na maamuzi yatumwe kwa ujumbe mfupi kabla ya kazi kuanza. Mara moja kwa wiki muunganishe mkalimani wa video ili maswali yaliyolimbikizana yapate majibu.

Usaili wa kazi: wakalimani chumbani au video nzuri, na muda wa mahojiano uongezwe kwa robo au theluthi. Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Wengi hukwama hapa, kwenye usaili, kwa kumpima mtu kwa njia ambayo hawezi kujionyesha.

Kusaini mkataba: mkalimani, chumbani au kwa video, akipitia kifungu kwa kifungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 15, inadai mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake aelezwe kwa namna anayoielewa. Kenya, kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mkataba uelezwe katika lugha anayoielewa.

Mafunzo ya usalama na ya mashine: wakalimani wawili chumbani, bila mjadala. Mwishoni afanye kwa vitendo. Sahihi kwenye karatasi ya "nimeelewa" haithibitishi chochote.

Kikao cha nidhamu: wakalimani wawili chumbani, wasiokuwa wafanyakazi wa hapo. Kwa Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinampa mfanyakazi muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kwa kawaida, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Hapa waajiri hukosea mara mbili. Kwanza, humfanya mwakilishi awe ndiye mkalimani. Hizo ni kazi mbili: mmoja anamtetea, mwingine hana upande. Pili, mkalimani huitwa siku ya kikao tu, na zile saa 48 mfanyakazi na mwakilishi wake wamekaa wakitazamana bila lugha. Mkalimani alipiwe pia kwa saa moja au mbili za maandalizi. Kenya, kifungu cha 41 cha sheria ya 2007 kinamtaka mwajiri aeleze sababu za kutaka kumwachisha mtu kazi katika lugha anayoielewa. Kwa mtumiaji wa alama, barua ya Kiingereza peke yake haitoshi. Na uamuzi ukitoka, aelezwe kwa alama haki ya kukata rufaa na ukomo wa muda: Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huanza kuhesabika hata kama mtu hakuelewa barua aliyokabidhiwa.

Fedha zitoke wapi

Ziwe kwenye fungu la ofisi nzima, chini ya utumishi, kamwe zisiwe za idara anakofanya kazi. Gharama ikimwangukia meneja mmoja, ataanza kufupisha vikao, kisha kumwacha nje, na nafasi ikitangazwa tena atatafuta sababu ya kutomchukua kiziwi. Mwanzoni mwa mwaka orodhesha vikao vizito vinavyojulikana, yaani tathmini, mafunzo ya usalama na mikutano ya wafanyakazi wote, zidisha kwa wakalimani wawili, ongeza nauli, kisha weka akiba ya vikao viwili au vitatu vya dharura. Uliza mapema kama malipo ni ya nusu siku au siku nzima, na kikao kikiahirishwa mnalipa kiasi gani. Lipa kwa wakati. Idadi yao ni ndogo na wanajuana.

Asubuhi ya kikao, mkalimani hajatokea

Kikao cha kila siku kiendelee kwa maandishi, na kilichoamuliwa kipitiwe upya na mkalimani wa video wiki hiyohiyo. Mafunzo ya usalama: wengine waendelee, yeye apangiwe siku yake, na asiguse mashine hiyo hadi hapo. Kikao cha nidhamu kiahirishwe. Asiombwe akubali "tuendelee tu" mbele ya watu watano waliokwishakaa, kwa sababu atakubali. Kwenye kumbukumbu iandikwe kuwa kimeahirishwa kwa kukosa mkalimani, bila kumlaumu mfanyakazi, mshahara wake uendelee, na apewe karatasi yenye mistari mitatu: kikao hakijafanyika, tarehe mpya, jina la mkalimani atakayekuja.